Sauti Zilizotupwa

Jioni ile nilishuka chumba cha mitambo kwa kazi ya dakika tano tu. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimepata simu mpya, nami nilitakiwa niziingize kwenye foleni ya mbele.

Mimi ni fundi wa mtandao hospitalini. Ruta zetu, mashine zinazogawa njia za mtandao, zinakaa chini ya ngazi, kwenye chumba baridi kisicho na dirisha, na mimi ndiye niliyepanga nani apite kwanza. Simu za madaktari zikija, wengine wote wanasubiri. Mtandao wa wagonjwa niliuweka foleni ya nyuma, tena nikauwekea kikomo. Kinachozidi kikomo, hata kikiwa sauti ya mtu, hakisubiri.

Kinatupwa.

Wiki tatu kabla, mdogo wangu alikuwa amelazwa wodi ya ghorofa ya pili. Tulimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Alinipigia kwa mtandao wa wagonjwa saa kumi na mbili jioni, saa ambayo wodi nzima hupiga nyumbani. Sauti ikaja vipande vipande.

"Dada... usije..."

Kisha ikakatika.

Nikajua amechoka, hataki wageni. Nikaendelea na kazi zangu, ghorofa mbili tu chini yake. Alikata roho usiku uleule, peke yake.

Sasa nilikuwa mbele ya ruta ileile. Nikaandika amri, nikabonyeza kitufe.

Ikaja harufu. Mafuta ya nywele ya Chiriku...

Niligeuka. Hapakuwa na mtu.

Kwenye skrini, foleni ya mbele ilionyesha simu moja. Ilitoka wodi ya ghorofa ya pili. Lakini wodi ile ilikuwa imefungwa tangu Jumatatu, inapakwa rangi. Hata vitanda vilikuwa vimetolewa.

Simu ya mezani ikaita.

Niliinyanyua. Nikasikia pumzi fupi fupi, za mtu anayejikaza.

"Chiriku?" nilinong'ona.

"...ukachelewa."

Nikaliunganisha na lile la siku ile. Usije ukachelewa. Kumbe hakunikataza. Alikuwa ananiita.

"Nakuja, mdogo wangu! Nakuja sasa hivi!"

"...naogopa... nishike mkono..."

Hakuwa ananijibu. Yalikuwa maneno ya siku ile, yale ambayo hayakunifikia, yakipita moja moja. Nililia, hayakusimama. Nilimwomba msamaha, hayakusimama. La mwisho lilikuwa jina langu la utotoni, ambalo siku hizi hakuna aliyebaki wa kuniita. Halafu laini ikafa.

Nilipanda ngazi mbio. Mlango wa wodi ulikuwa na kufuli. Sista wa zamu alinikuta nimeuegemea, kucha zangu zimejaa rangi mbichi.

"Humu hamna mtu, mpenzi," alisema taratibu.

"Simu imetoka humu."

"Nyaya zenyewe zimeng'olewa. Twende ukae chini."

Asubuhi nilimweleza mkuu wa kitengo, mzee aliyenifundisha kazi. Alisikiliza mpaka mwisho huku akifuta miwani iliyokuwa safi.

"Ruta haihifadhi sauti ya mtu," alisema. "Kilichotupwa kimetupwa. Ni majonzi hayo, mwanangu."

Akafika mlangoni, akasita.

"Na jioni usiwe unaingia mle peke yako. Mimi mwenyewe niliacha."

Sikumsikiliza. Jioni hiyo niliingia, nikaondoa kikomo cha wagonjwa bila ruhusa ya mtu yeyote. Nikabaki namsubiri Chiriku. Nilitaka walau nimwambie kwamba sikujua.

Saa kumi na mbili simu ikaita. Nikaidaka.

Haikuwa yeye. Ilikuwa sauti ya mzee nisiyemjua, kavu, ya mtu aliyesubiri sana.

"Binti... zamu yangu imefika?"

Nilitazama skrini. Nyuma ya simu yake, foleni ilikuwa inazidi kurefuka.

Nilivuta kiti, nikakaa.

"Sema, baba. Nakusikia."