Vumilia Siku Moja

Ornella alisimama katikati ya soko la Butembo kwa sababu pumzi ilikuwa imemwishia. Watu walimpita wakimgusa mabega, pikipiki zilipiga honi, na yeye, ndani ya kikwembe cha bluu chenye maua ya manjano, akaegemea kitu cha kwanza kilichokuwa karibu.

"Mama, ile valise unaegemea ni ya kuuza," mwenye kibanda cha masanduku ya safari alisema.

"Ngoja nipumue... kisha utanifukuza."

"Pumua tu. Hewa mi siuzishe."

Alicheka, na kicheko kikamletea kikohozi. Mwenye kibanda, Zacharie, alimvutia kiti cha plastiki bila kuuliza kitu. Siku ileile Ornella alimweleza yote: bronchite, ugonjwa wa mapafu alionao tangu utotoni, Covid iliyomlaza mwaka uliopita, test iliyorudi négatif, na jinsi miezi tisa baadaye hata kilima kidogo kinavyomshinda. Alikuwa mwalimu huko Beni, katika komini ya Beu, na amekuja kupigwa picha ya mapafu.

"Batu banasema nimepona," alisema. "Iliyopona ni ile karatasi."

Kwa hiyo Zacharie alijua tangu siku ya kwanza.

Walipendana miezi mitano, kwa simu na kwa safari za barabara ya Beni. Kisha Zacharie akasema umefika wakati mama yake, mama Kavugho, amwone mchumba. Nyumbani kwao mchumba huja siku moja kupika bugali kwenye mafiga, kwa kuni, mbele ya mashangazi.

"Umebaambia juu ya mapafu yangu?" Ornella aliuliza kwenye simu.

"Nitabaambia, chérie. Polepole. Bakisikia kikohozi batawaza ni tibi."

"Na moshi?"

"Vumilia siku moja. Moja tu."

Alivumilia dakika kumi na mbili. Jiko lilikuwa chumba cha matofali kisicho na dirisha, na kuni za mikaratusi zilikuwa mbichi. Bugali ilipoanza kukaza, kifua kilimbana. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akatoka akipepesuka, akaanguka uani na blauzi yake nyeupe ya lesi, mkono ukitafuta dawa ya kuvuta ndani ya mkoba.

"Hawa basichana ya Beni," shangazi mmoja alisema. "Banaogopa kazi."

"Na bugali imeungua," mwingine akaongeza.

Zacharie alikuwa mlangoni pa sebule, shati limenyooshwa vizuri, chupa ya soda mkononi. Macho yao yalikutana. Akatazama chini.

Ornella hakuaga mtu. Alirudi Beni alasiri hiyo, akalala kitandani wiki nzima, kisha akafundisha akiwa ameketi. Simu ililia kwa wiki tatu. Hakuipokea.

Wiki ya nne Zacharie alikuja mwenyewe, viatu vimejaa vumbi, mfuko wa matunda ya marakuja mkononi.

"Nilikuita mara mingi, Ornella."

"Niliona."

Hakupiga kelele. Hakuwa na pumzi ya kelele, na hilo lilimkasirisha zaidi: hasira kubwa namna ile, kuitoa kijiko kwa kijiko.

"Moshi haina akili," alisema. "Mashangazi yako... habakujua. Weye ulijua. Ulisimama pale na soda yako."

"Niliogopa batakukataa."

"Donc bora nizimie, weye usipate haya?"

"Hapana, chérie..."

"Usiniite chérie. Ita mama yako. Sasa. Weka sauti inje, nisikie."

Alibonyeza namba. Kuku walisikika upande wa pili.

"Mama, ile siku Ornella hakukimbia kazi. Iko na ugonjwa ya mapafu, ya zamani, na Covid iliongezea. Haiambukize. Mi nilijua mbele ya yeye kuingia mu moshi. Nilinyamaza."

"Ile ya mwisho, rudilia," mama Kavugho alisema.

"Nilinyamaza, mama."

"Wiki tatu naita mutoto ya batu muvivu kwa majirani yote, na weye unakula kwa meza yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Mujinga. Mupatie simu."

Ornella aliishika.

"Mutoto yangu," sauti ilisema, taratibu sasa. "Babula ya makala iko hapa. Ningeiweka inje, penye upepo. Nani alikuwa atakataa?"

Ornella alifumba macho. Babula, jiko dogo la mkaa, uani. Kitu kidogo namna hiyo. Alishukuru, akarudisha simu.

"Unanisamehe?" Zacharie aliuliza.

"Bado." Alivuta pumzi, akasubiri, akavuta nyingine. "Hasira yangu iko mingi, pumzi iko kidogo. Kuimaliza... itakamata wiki mingi."

"Nitakuya kila wiki, siku ya samedi, kuisikiliza."

"Utakuya?"

"Nitakuya."

"Basi ikala. Leo hata sijaanza."

Zacharie akaketi kwenye ngazi. Ornella akavuta pumzi, akaanza.