Lumbesa Iliyopungua

Saa tatu na robo asubuhi, Jumatatu moja ya Machi 2004, kompyuta zote sita za kituo cha walimu Makambako ziliikataa programu. Kila kioo kilionyesha sentensi ileile: faili saidizi halipo.

Mwalimu Ema Mgaya, aliyeiandaa Njombe, alizijaribu tena moja baada ya nyingine. Saa nne wakuu wa shule kumi na moja wangepiga kura: programu hiyo huria ya kuandikia isambazwe kwa vipande, kila shule ijitafutie mafaili saidizi, au katika kifurushi kimoja chenye kila kitu ndani? Kifurushi hicho walikiita lumbesa, kama gunia la viazi lililoshindiliwa hadi likaota kichwa. Kikishindwa leo, shule zisizo na simu wala fundi zingebaki na kompyuta za kufutwa vumbi.

Vidole vilimwelekea Luqmani, utingo wa lori, aliyeileta kituoni Ijumaa sidii yenye kifurushi hicho. Alikiri kuiacha juani alipokuwa akinywa chai Lyamkena.

"Dada Ema, mimi nabeba viazi," alisema. "Hicho kisahani sijui hata kinaliwa na mboga gani."

Hilari, fundi wa kituo, alicheka. Alishauri warudi kwenye vipande. Bahasha ya sidii, alisema, ameifungua leo tu, mbele ya wakuu.

Ema akaangalia ukubwa. Njombe kifurushi kilikuwa megabaiti 38, hapa 31. Sidii iliyoharibiwa na jua hugoma kusomeka. Hii ilisomeka yote, ila imepungua, na sidii ya aina ile ikisharekodiwa haipunguziki. Basi hii ilikuwa nyingine. Akatafuta tarehe ya kurekodiwa: Jumamosi, saa tano na dakika kumi. Yeye alirekodi Alhamisi.

"Fundi, hapa Makambako nani mwingine ana mashine ya kurekodi sidii?"

Hilari aliinamia kompyuta. Luqmani akamjibia: "Ni yake tu. Hata za harusi tunampelekea yeye."

Ilikuwa saa nne kasoro dakika nane.

"Vipande vikikwama wananiita," Hilari alisema. "Kuanzia Kifanya hadi Mawengi mimi ndiye fundi, mwalimu. Lumbesa yako mtu anabonyeza mara mbili, basi. Mimi nitakuwa nani?"

"Tulipoiandaa lumbesa hatukukuuliza. Hilo ni kosa letu," Ema alisema. "Sidii yangu iko wapi?"

Hilari aliitoa kwenye droo yake. Saa nne kasoro dakika mbili kompyuta ya kwanza iliikubali. Wakuu tisa walinyoosha mikono kuunga mkono kifurushi.

Hilari alivua ufunguo wa chumba cha kompyuta shingoni, akauweka mezani kabla hajaombwa.