Mlinzi wa Mimba ya Wanja

Ngari wa Kiritiri alikuwa na mbuzi wengi, mbwa mmoja mvivu na mke mjamzito. Mbuzi alishawazoea. Mimba ndiyo ilimtia kiwewe.

Siku moja mkewe, Wanja, alirudi kutoka kliniki na habari.

"Baba Rwamba, kumbe kuna virusi vinaweza kumfikia mtoto tumboni. Wengine huzaliwa masikio hayasikii."

Ngari hakungoja amalize. Alibeba ndoo ya maji na sabuni, akaketi langoni, fimbo mkononi, kama askari wa benki.

Tangu siku hiyo, aliyekohoa alirudishwa. Aliyepiga chafya aliombewa, kisha naye akarudishwa. Hata mchungaji wa kanisa, ambaye vumbi la barabara lilimwingia puani, alizuiwa.

"Ngari, mimi ni mchungaji!"

"Hata mimi, ila wangu ni wa miguu minne. Pua hiyo haipiti. Ombea hapo hapo nje, Mungu yuko kila mahali."

Jioni Ngari aliingia jikoni akijipongeza. Wanja alikuwa akimlisha Rwamba, mwana wao wa miaka miwili, aliyekuwa ametoka chekechea. Kijiko cha ndengu kiliingia kinywani mwa Rwamba, kikatoka, kikaingia kinywani mwa Wanja. Kisha Rwamba akatema kiazi kitamu alichokitafuna nusu, akamtia mama yake mdomoni. Wanja akameza. Kwao kumwaga chakula ni aibu, na mabaki ya mtoto ni ya mama. Ngari akatabasamu. Aliona mapenzi tu.

Kesho yake alikuja Teresia, mhudumu wa afya wa kijiji. Alinawa, akakaguliwa pua, akapewa ruhusa. Hakukaa sana jikoni kabla ya kumwona Wanja akilamba kijiko cha Rwamba, akaita:

"Baba Rwamba! Wacha lango, njoo! Mgeni unayemzuia huko anakula huku, tena kwa kijiko chako!"

Ngari akaja mbio, fimbo juu. "Yuko wapi?"

"Kwa mate ya Rwamba. Kuna kirusi kinaitwa sitomegalo."

"Uuui! Jina kama hilo linahitaji boda boda mbili."

"Watoto wadogo hukipata wakicheza na wenzao. Kinakaa kwa mate na mkojo wao. Rwamba anaweza kuwa nacho na bado aruke kama mbuzi."

Ngari akakunja uso. "Lakini mtoto wa tumboni ana kondo la nyuma. Si hilo ni ukuta?"

"Ni ukuta mzuri. Virusi vingi hugonga vikarudi. Sasa wewe niambie, mwizi wa mbuzi akiingia zizini, huanza na nini?"

"Huziba kengele ya mbuzi kwa majani, isilie."

"Basi! Seli ya mwili ikiingiliwa na kirusi huonyesha alama kwa nje. Hiyo ndiyo kengele yake. Askari wa mwili wakiiona, wanakuja kuua seli hiyo. Lakini kirusi hiki kikiingia kwenye seli za kondo, hushusha zile alama. Kengele imezibwa. Kinazaana polepole, askari wakipita wakidhani ni shwari. Halafu kinaweza kuvuka kwa mtoto."

"Na askari akishangaa mbona huyu mbuzi hana kengele?"

"Hapo kirusi humtundikia kengele bandia."

Ngari akaketi chini. Wezi aliwajua, lakini huyu alikuwa na shahada.

"Basi Rwamba aende kwa nyanya yake leo leo!"

"Wewe nawe!" Wanja akafoka, akimvuta mtoto kifuani. "Mtoto wangu haendi popote!"

"Haendi," Teresia akasema. "Mkumbatie, Mama Rwamba. Mbusu kichwani, si mdomoni. Kijiko chake ni chake, kikombe chake ni chake. Ukimbadilisha nepi au kumfuta kamasi, nawa kwa sabuni. Si watoto wote wanaofikiwa na kirusi huumia, na kunawa hakuzuii kila kitu. Lakini kunapunguza hatari sana. Na kliniki usikose."

"Na mabaki ya chakula?" Wanja akauliza.

Wanawake wawili wakamgeukia Ngari, polepole.

"Mimi sina mimba," akakubali kwa unyonge.

Kuanzia hapo Ngari ndiye aliyemlisha Rwamba, akafuta kamasi, akafua nepi, akamaliza viazi vilivyotafunwa. Mshipi wake ulihama tundu. Mchungaji aliombwa msamaha na kuchinjiwa jogoo.

Mimba ilipotimia, Wanja alijifungua msichana. Muuguzi alileta mashine ndogo, akaiweka kwenye sikio moja, kisha la pili. Ngari alishika ukingo wa kitanda mpaka vidole vikafa ganzi.

"Anasikia," muuguzi akasema. "Masikio yote mawili."

Ngari alifuta macho kwa mkono wa shati. Kisha akainama juu ya mtoto, akasafisha koo.

"Mwanangu, mimi ni baba yako. Kwanza kabisa, kuhusu usafi, nataka uelewe..."

"Baba Rwamba," Wanja akasema kutoka kwenye mto, "ameanza kusikia leo. Mwache afurahie kidogo."