Ulimi wa Kengele ya Malkia

Karani wa makumbusho aliiweka kengele mezani, kisha akajifuta mikono kwenye suruali. "Isugue tu, Fundi. Usiitie ulimi. Malkia aliitumia kuita vijakazi wake, na aliyechelewa kuitika alikatwa ulimi wake."

Fundi, mjane mwenye binti mmoja, alicheka. Miaka ishirini anafua shaba, leo afundishwe kazi na karani! Alipomaliza kuing'arisha akatundika kipande cha shaba ndani yake, kwa ukaidi tu. Mchuma janga hula na wa kwao.

Mchana huohuo karakana ikanuka marashi yaliyochacha, na kengele ikalia bila kuguswa.

"Abee!" akaitika bintiye kutoka jikoni. Walimwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua likizo. Akaja mbio. "Umeniita, mama?"

"Nani, mimi? Ni kengele hiyo."

"Mbona nimesikia jina langu?"

Ikalia tena. "Abee!" Fundi akamrukia amzibe mdomo, akinong'ona, "Usiitike, mwanangu, nakuomba," lakini adabu aliyomfunza tangu utotoni ilikuwa nyepesi kuliko mkono wake, na kengele ilipolia mara ya tatu midomo ya Kasuku ikafunguka, koo likatetemeka, na ile "abee" ikatokea ndani ya kengele.

Mganga aliletwa jua likishuka. Akainusa kengele, akarudi nyuma. "Jini wa malkia huyu. Ivunje sasa hivi. Sauti itapotea, mtoto atabaki. Jua likizama, atamchukua mzimamzima."

Fundi akainua nyundo. Kasuku, machozi yakimtiririka, akatikisa kichwa kukubali: piga.

"Mama, usinipige!" kengele ikalia kwa sauti ya Kasuku. "Mama, naumia!"

"Usiisikilize," mganga akanong'ona. "Piga!"

Lo! Ungekuwa wewe ungepiga? Fundi alishindwa. Aliitupa nyundo, akaikumbatia kengele, akaibembeleza, nyamaza mwanangu, nyamaza, mama yupo, huku Kasuku mwenyewe akimvuta gauni kwa nyuma, akimvuta kwa mikono miwili, akimgongagonga mgongoni bila sauti, mpaka giza likaingia na ile mikono ikaacha kuvuta. Alipogeuka, nyuma yake hapakuwa na mtu.

Karani hajarudishiwa kengele yake. Kila asubuhi Fundi hujifungia nayo ndani, akaitikisa taratibu.

"Kasuku, mwanangu?"

"Abee, malkia," hujibu mtoto, haraka, kama mtu anayewahi asije akapigwa.