Glavu Zisizojaribiwa

Kila asubuhi ya miezi ya baridi, Tufool aliamshwa na harufu ya chai ya tangawizi. Baba yake, Yaqoob, aliinywa jikoni kabla ya kwenda baharini, bilauri ameizungushia mikono miwili ili vidole vipate joto. Upepo wa Januari unaovuma Sur, mji wa pwani ya Oman, kabla ya jua kuchomoza hauui mtu, lakini mkono uliolowa maji ya chumvi hukakamaa kama ukuni. Na Yaqoob alikuwa mvuvi wa mshipi. Nguru akionja chambo huko chini, kidole ndicho kinachopata habari kwanza.

"Mwaka huu baridi imenifika mifupani," alisema Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana. "Tufool, nenda dukani kwa ami yako Marzouq ukanichagulie glavu. Mimi mashine ya boti imenigomea. Vidole vyako na vyangu sasa urefu mmoja."

"Nichague zipi, baba?"

"Marzouq ana ndoo ya maji ya barafu mlangoni, na jozi za kujaribia. Vaa, tia mkono majini, hesabu mpaka hamsini, kisha okota ndoana na ufunge fundo. Ukiweza, ndizo hizo. Usinichagulie kwa macho."

Bibi Kuruthum, mama yake Yaqoob, aliyezaliwa Unguja na kuja Oman akiwa mwari, akacheka. "Umri wake huu, kila kitu huchaguliwa kwa macho."

Tufool naye akacheka, akajitanda shela, akatoka.

Tatizo lilikuwa mikono yenyewe. Siku ya pili yake ilikuwa harusi ya Khulood, binti wa shangazi yake, na asubuhi hiyo Tufool alikuwa amekwangua hina iliyokauka. Maua yake mikononi yalikuwa bado rangi ya chungwa. Hina hupenda joto. Ikishikwa na baridi siku ya kwanza, haikolei tena. Kwa hiyo alikuwa ametia udhu kwa maji ya moto, akajipaka mafuta ya karafuu, na vyombo vya mchana alimwachia mama yake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu." Marzouq, ami yake wa heshima tu si wa damu, alikuwa mzee mpole, mama yake mtu wa Pemba. Aliweka jozi mbili mezani. Moja ilikuwa ya mpira mweusi kama nguo za wapiga mbizi, ncha za dole gumba na kidole cha shahada zimekatwa; ilinuka kama tairi. Ya pili ilikuwa ya sufu nene ya kijivu, yenye mistari myekundu. "Hizi za sufu wananunua watu wanaokwenda mlimani Jebel Akhdar kutazama baridi. Kwa bahari, sina hakika. Jaribu, ndoo hiyo hapo."

Mteja akaita akitaka kamba, na Marzouq akaingia ghalani. Tufool akaitazama ndoo. Vipande vya barafu vilikuwa vikigongana. Akautazama mkono wake. Kisha akavaa ile ya sufu, kavu, na joto likamkumbatia papo hapo. Akaokota ndoana mezani bila taabu.

"Umeshatia majini?" Marzouq aliuliza aliporudi.

"Nimeshatia, ami. Nipe hizi za sufu."

Nyumbani baba akamuuliza vilevile, na uongo wa pili ukatoka kwa wepesi kuliko wa kwanza.

Jumamosi saa mbili asubuhi, ami Suud, mdogo wake baba aliyekuwa akivua naye, alimleta Yaqoob kutoka hospitali. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo.

"Sufu ile ilikunywa maji ikawa nzito kama tope," Suud alieleza. "Nguru alipovuta, mshipi ukazama ndani ya sufu, mkono haufunguki. Ningechelewa kuukata mshipi kwa kisu, sasa hivi tungekuwa tunamtafuta baharini."

Yaqoob alishonwa nyuzi sita. Daktari alimkataza bahari wiki tatu, na huo ndio ulikuwa msimu wa nguru.

"Marzouq hajui glavu za mvuvi?" Bibi Kuruthum alifoka.

"Mtoto alizijaribu," baba alisema kwa uchovu. "Labda alimjaribisha jozi nyingine ya sufu, akamfungia hii."

Tufool alimmiminia baba chai. Kisha akatoka na birika kabla hajaulizwa lolote.

Jioni ile, kwenye ukumbi wa harusi, hina yake ilikuwa imekolea, nyekundu ya kuelekea weusi. Kila mwanamke aliyempita alimshika mkono. "Mashaallah, imekoleaje hii? Umeifanyaje?" Na kila aliyemsifu alikuwa kama anamfinya. Meza ya pili, bibi yake alikuwa akisimulia: Marzouq amemwonyesha mjukuu wangu glavu nzuri, akamfungia mbovu, mwanangu nusura afe. "Basi nami nitamwambia mume wangu," alisema mwanamke mmoja. "Alitaka kununua nyavu pale." Hata kabla biriani haijaletwa, habari ilikuwa imeshaingia kwenye simu. Tufool aliificha mikono ndani ya abaya.

Jumatatu, akirudi shule, alimkuta Marzouq amekaa peke yake nje ya duka. Wavuvi wawili walipita mbele yake bila hata salamu.

"Tufool, mwanangu, mkono wa baba unaendeleaje?"

"Haujambo, ami."

"Nimeyasikia maneno." Mzee alishusha sauti. "Nimekaa nikajiuliza, pengine ni kweli nilichanganya jozi. Uzee huu. Macho yangu si yale. Hata mwanangu wa kuzaa ananiambia nifunge duka."

Tufool alikwenda mbio mpaka nyumbani.

Baba alikuwa sebuleni akihangaika kumenya chungwa kwa mkono wa kushoto. Bibi na ami Suud walikuwa wakinywa kahawa. Tufool alisimama mlangoni na mkoba wake mgongoni.

"Baba, ami Marzouq hakuchanganya kitu. Zile ndizo nilizomwomba. Aliniambia nijaribu, nikamdanganya. Sikutia mkono majini."

"Kwa nini?"

Tufool akanyoosha mikono. Baba aliyatazama yale maua mekundu.

"Kwa ajili ya hina," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Bibi harusi mwenyewe hakuilinda hina yake hivyo," alinong'ona Suud, lakini hakuna aliyecheka.

Bibi Kuruthum aliweka kikombe chini. "Na mimi nimemtangaza Marzouq ukumbi mzima. Sikumuuliza mwenyewe hata neno moja."

Tufool alingoja kufokewa. Baba hakufoka.

"Mkono wangu nimekusamehe," alisema. "Jeraha la Marzouq si langu kulisamehe."

Bibi akachukua simu, akafungua kundi la wanawake wa ukoo. "Maneno yalipitia hapa, na yarudi hapahapa. Nitaanza mimi. Wewe utanifuata."

Bibi alirekodi sauti yake, akakiri kosa bila kuzunguka. Tufool alirekodi mara tatu. Mara mbili za mwanzo alikwama kwenye jina la Marzouq. Ya tatu akaituma: "Mimi ni Tufool wa Yaqoob. Ami Marzouq hana kosa. Aliniambia nizijaribu majini zile glavu, nami nikamdanganya. Tafadhali mwambieni kila mliyemwambia."

Baada ya sala ya alasiri alikwenda dukani na baba yake. Wavuvi kadhaa walikuwa wakitoka msikitini, wakiwamo wale wawili. Baba akawaita wasogee, kisha akarudi nyuma hatua moja. Tufool akayasema yote tena, macho yakimuuma, huku watu wazima wakimsikiliza.

Marzouq akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. "Kumbe sikukosea," alisema. "Siku mbili hizi nilikuwa nikiwafungia watu mizigo kisha naifungua tena kuhakikisha."

"Nisamehe, ami."

"Nimekusamehe, mwanangu. Umenirudishia akili zangu."

Mmoja wa wale wavuvi akampa mkono mzee na kumtaka radhi. Mwenzake akakaa kwenye benchi, akauliza kama nyavu mpya zimefika.

Baba alimvuta Tufool pembeni, akaunyanyua mkono wenye bendeji. "Huu aliushona daktari, na nyama itajiunga yenyewe. Jina la mtu halina daktari. Ukilichana kwa uongo, hata uwe uongo mdogo wa kujisitiri, sharti ulishone wewe mwenyewe, tena mbele ya walioliona limechanika. Leo umelishona. Mara nyingine usilichane."

"Sawa, baba," Tufool alisema. Kisha wakaingia dukani kuchagua glavu, zamu hii wote wawili.