Kilio Walichokipita

Asubuhi za kipwa, yaani kiangazi, pale mjini Baraka zina baridi ambayo wageni hawaitegemei. Mvua zimekwisha, upepo unapanda kutoka ziwani, vumbi linaruka, na watu wenye akili zao wanajifunika vitenge mpaka jua lichomoze. Ni katika asubuhi hizo ndipo Godelieve, jirani yetu muuza vitenge, alipoanza kumtoa mumewe kitandani wakakimbie.

Si kwamba alikuwa na wazimu. Presha ilikuwa imewaondoa kaka zake Isidore wote, na muuguzi alimwambia Godelieve wazi kwamba mwanamume huyu asipoutumikisha mwili atawafuata. Isidore alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa.

"Mi nikimbie? Nani ananifukuza, mama Solange?"

"Mi ndiye ninakufukuza. Vaa viatu."

Basi wakaanza, wakihema kama ng'ombe wa kupandisha mlima, watoto wa njiani wakiwacheka. Lakini kipwa hakikufika katikati kabla kitambi cha Isidore hakijapungua. Presha ikashuka. Akawa yeye ndiye anayeamka kwanza, anapiga kofi ukutani, anaita. Wanawake wa sokoni walimtania Godelieve eti amejipatia kijana. Naye alifurahi, tena sana. Alimpenda mume wake upya, na alipomsikia akipumua vizuri kando yake barabarani alimshukuru Mungu kila asubuhi.

Njia yao ilikuwa barabara ya Mboko. Walipita nyumba za mwisho, wakaingia kwenye mashamba ya mihogo, wakageuza, wakarudi. Asubuhi moja, mbele kidogo ya mihogo, waliona moto unawaka kando ya barabara. Watu walikuwa wameuzunguka, wamejifunika vitenge mpaka kichwani. Ulikuwa msiba, kilio kama tunavyosema huku.

Isidore akapunguza mbio. "Tusimame, tusalimie bantu."

"Na lile jasho? Utapoa, kifua kitakubana. Tutasimama wakati ya kurudia."

Huku kwetu kilio hakipitwi. Hata uwe na haraka ya namna gani, unasimama, unaketi kidogo, ukiwa na kuni unaiongeza motoni, ndipo unaomba njia. Godelieve alilijua hilo tangu utotoni. Lakini hofu ya mume wake ilikuwa kubwa kuliko adabu, akamvuta mkono, wakapita. Waliporudi moto haukuwepo. Alijiambia kwamba labda wamekwenda kuzika.

Kesho yake moto ulikuwa pale pale. Watu walikuwa walewale, wameketi vilevile. Safari hii Godelieve aliangalia vizuri zaidi, akaona kwamba pale hapakuwa na nyumba. Hapakuwa na jeneza. Hakuna aliyekuwa analia.

Walipofika usawa wa moto, sauti ya mwanamke ikasema polepole, "Munatupita tena?"

Godelieve alimshika Isidore mkono wa shati, akaongeza mwendo. Ndipo wakasikia hatua nyuma yao. Zilikuwa nyingi, za miguu mitupu. Wao wakikaza, nazo zinakaza. Wakasimama kuvuta pumzi, nazo zikasimama.

"Usigeuke," Isidore alinong'ona. Midomo yake ilikuwa imepauka.

Walirudi kwa kuzunguka mashambani. Godelieve alikwenda moja kwa moja kwa Adolphine, anayekaanga mikate karibu na soko na ambaye alizaliwa upande ule.

"Nani alikufa kule nyuma ya mihogo?"

Adolphine, ambaye humwita yaya, yaani dada mkubwa, akaacha kijiko kwenye mafuta. "Sasa hivi, hapana muntu. Ni ya zamani, yaya. Wakati ya vita familia moja ilikuwa inakimbia, bote balikufa pale. Balizikwa mbiombio. Hakuna mwenye aliwasha moto, hakuna mwenye aliikala, kuketi nabo." Akashusha sauti. "Banasema bale banaketi kilio yabo benyewe. Wewe ukibapita, banakuja kuikala kwako."

Siku hiyo Isidore hakula. Kichwa kilimuuma, akalala mapema. Godelieve alimtazama akilala, akajua la kufanya. Ni yeye aliyesema wapite. Basi ni yeye atakayekwenda kuketi.

Kabla ya jua alichagua gogo zuri uani, akalifunga kipande cha kitenge cha kijani apate pa kulishikia. Akamfunika Isidore mabega. Alikuwa anapumua. Akatoka.

Moto ulikuwepo. Watu wakasogea, wakamwachia nafasi kana kwamba walikuwa wanamngoja. Aliketi. Akasukuma gogo lake motoni.

"Mutusamehe," alisema. "Mi ndiye nilikatala kusimama. Bwana yangu alitaka."

Alinyoosha mikono aote. Moto ule haukuwa na joto. Miali ililizunguka gogo lake, na gogo halikushika.

Mwanamke aliyekuwa kando yake hakugeuza uso. "Ulikawia, mama."

"Lakini nimefika."

"Umefika. Benzetu nabo balishafika kwako."

Godelieve aliruka. Hakuwahi kukimbia hivyo maisha yake yote. Hakusikia hatua nyuma. Hakusikia chochote. Aliomba asikie hata moja, zimfuate yeye, zimwache Isidore. Barabara ilikuwa kimya.

Alipoingia uani kwake, moto ulikuwa unawaka. Watu walikuwa wameuzunguka, wamejifunika vitenge mpaka kichwani.

Mmoja akafunua uso, akawa Adolphine. Wengine nao walikuwa majirani. Walikuwa wamemsikia Isidore akianguka chumbani, wakavunja mlango, wakamkuta amekwisha kwenda. Adolphine alimkumbatia. Godelieve alilia mpaka sauti ikakatika, akijilaumu mbele ya watu wote bila wao kuelewa anajilaumu nini.

"Ikala, yaya," walimwambia. "Ikala karibu na moto."

Akaketi. Moto huu ulikuwa na joto. Akautazama kwa muda mrefu kabla ya kuona kile alichokuwa anakitazama. Katikati ya kuni lilikuwepo gogo lililoungua nusu. Kwenye nusu iliyobaki kilikuwa kimefungwa kipande cha kitenge cha kijani.

"Hii kuni," alisema, "nani ameileta?"

Dany, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyehamia mtaani juzijuzi tu, alitikisa kichwa kwa hasira kidogo.

"Mubaba mumoja hivi, yaya. Alikuwa anakimbia, na viatu vya michezo. Alitupa kuni mu moto, akapita. Hata kutusalimia, hakusimama."