Jiwe la Kukamulia Fromaji

Kila asubuhi hapa Kirolirwe nakama ng'ombe wangu wawili. Maziwa nafanya fromaji, ile jibini ya hapa kwetu. Tangu muke wangu Béata afariki, nafanya peke yangu. Wakubwa wa serikali wanaikula kwenye mikutano yao, lakini hakuna hata mumoja aliyekuja kutufundisha kuifanya.

Jirani yangu Euphrasie naye anafanya. Yake iko ngumu, inakaa wiki nyingi. Yangu ilikuwa na maji, na siku ya tatu inanuka. Wivu uliniuma. Nilisema: bila shaka shefu wa kijiji amemupatia dawa ya siri.

Siku moja Papa Nestor, muchuuzi wa Goma anayenunua fromaji yetu, aliniambia:

"Papa Munyakazi, juma ijayo ikinuka tena, mimi sipiti hapa."

Nikaenda kuchungulia kwa Euphrasie. Akanikuta.

"Papa Munyakazi, unachungulia fromaji ao mimi?"

"Shefu alikupa dawa gani?"

"Shefu? Yule hajui hata kukama! Lete jiwe unayowekaka juu ya fromaji kuikamua maji."

Nikaleta. Akaimwangia maji. Jiwe likayanywa yote.

"Ona. Njo vile inakunywa maji ya maziwa. Yanaoza ndani ya matundu yake, halafu yanadondokea fromaji yako. Tena iko nyepesi, haikamuli."

"Niliichagua sababu ya mugongo. Na mawe yote ya hapa yanatoka kwa volkano."

"Ndiyo, lakini hayakupoa namna moja. Volkano inatapika mawe yaliyoyeyuka. Yanatiririka kama uji wa moto, hewa iko ndani. Juu yanapoa mbio, hewa inafungwa kabla ya kutoka. Njo maana yako na matundu. Chini yake yanapoa polepole. Hewa nyingi inatoka, jiwe inafungana, inakuwa zito."

"Na jiwe ile ya Walikale, yenye chembe za kung'aa?"

"Ile ilipoa ndani kabisa ya ardhi, miaka mingi sana. Chembe zikapata wakati wa kukua, njo maana unaziona kwa macho."

"Nani alikufundisha?"

"Dada yangu Sidonie, mwalimu kule Masisi."

Wivu ukaniuma tena. Mimi nani alinifundisha?

Euphrasie alinipeleka pale wakubwa walianza kuchimba barabara, wakaiacha. Juu kulikuwa mawe ya matundu. Chini, mawe meusi, mazito, yamefungana. Nilibeba moja mpaka nyumbani, mugongo ukilia. Nikalisugua, nikalimwangia maji ya kuchemuka, nikalikausha. Kisha nikaliweka juu ya fromaji mpya, mpaka kesho yake. Maji yalitoka mengi.

Juma ikafika. Nestor alibonyeza fromaji yangu kwa kidole. Kidole hakikuzama. Akanusa, akanusa tena. Akaiweka ndani ya kitunga kimoja na ya Euphrasie.

"Zinafanana," akasema.

"Angalia muzuri, Papa Nestor. Yangu iko ngumu kupita yake."

Euphrasie alicheka mpaka akakaa chini.